Mkojo Usimwagwe Kabla Haujapimwa

Leo nitautaja mkojo mara nyingi, na najua saa hizi wengine mko kwenye staftahi. Mniwie radhi. Kuna mambo ambayo adabu ikiyafunika sana, yanatuzikia watu.

Ingia wodi ya upasuaji saa za kuwaona wagonjwa. Jamaa wamekuja na uji kwenye chupa, na mahamri kwenye mfuko, ingawa mgonjwa mwenyewe hajaruhusiwa kula. Kando ya kitanda unaning'inia mfuko wa mkojo, umejaa nusu, na ndani yake mkojo ni mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Shangazi wa mgonjwa hapendezwi. Kwa mapenzi, na kwa usafi aliolelewa nao, anafungua bomba la chini, anaumimina kwenye beseni, anaenda kumwaga chooni, anarudi ameshanawa. Ametenda wema. Lakini kama mgonjwa huyo amepasuliwa kwa sababu ya manjano ya kuziba, shangazi amemwaga habari ambayo daktari wa zamu alikuwa akiingojea. Hakuna tena atakayejua zilikuwa mililita ngapi.

Basi ombi langu ni moja, na mengine yote ni kulieleza: kwa mgonjwa wa aina hii, mkojo usimwagwe kabla haujapimwa na kuandikwa.

Manjano tunayajua. Macho yanageuka rangi, na hapa kwetu Malindi na Kilifi jibu la haraka ni kwamba ni homa ya manjano, kwa hiyo zitafutwe dawa za mizizi, juisi ya miwa, madafu. Manjano yana sababu nyingi: malaria kali huyaleta, homa ya ini huyaleta, sikoseli pia. Hayo tuyaache kwa siku nyingine. Ninayoyazungumza leo ni manjano yanayokuja kwa sababu nyongo imekosa njia. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, nayo huteremka kwa mfereji mwembamba unaopita kwenye kichwa cha kongosho hadi utumbo mdogo. Mfereji ule ukizibwa na jiwe lililotoka kwenye kifuko cha nyongo, au ukibanwa na uvimbe wa saratani, nyongo inarudi nyuma na kuingia kwenye damu. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi, choo kikubwa kinapoteza rangi, na mwili unawasha usiku kucha. Ukiona choo cheupe na mkojo mweusi kwa pamoja, usikae kuipa mizizi nafasi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Na kukiwa na homa na kutetemeka juu yake, nenda siku hiyo hiyo.

Kule Mwanza, katika hospitali ya Bugando, madaktari walichapisha mwaka 2011 hesabu ya wagonjwa 116 waliowatibu kwa manjano ya kuziba. Upande wa saratani, iliyoongoza ilikuwa ya kichwa cha kongosho. Upande usio wa saratani, yaliongoza mawe. Kati ya kila wagonjwa 100, karibu 15 walifariki, na shida kubwa waliyoitaja ni ile ile tunayoijua huku kwetu: watu kufika wamechelewa.

Sasa mtu atauliza: kilichoziba ni mfereji wa nyongo, figo zimeingiaje hapo? Ziko nyuma, mgongoni. Swali hilo limewasumbua wapasuaji kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1911, Paul Clairmont na Hans von Haberer waliandika kwa Kijerumani juu ya wagonjwa waliopasuliwa mawe ya nyongo, kisha mkojo wao ukakatika. Vitabu vya karne iliyopita vikaja kuweka hesabu: karibu mmoja katika kila kumi wanaopasuliwa wakiwa na manjano ya kuziba alipata kufeli kwa figo, na katika hao zaidi ya nusu hawakurudi nyumbani. Siku hizi uangalizi umeboreka, ila hatari haijaondoka.

Nyongo, pamoja na kazi yake ya kusaga mafuta, ina kazi nyingine ambayo haisifiwi. Ikiwa ndani ya utumbo, huizuia sumu ya bakteria isipenye kwenda kwenye damu. Nyongo isipofika utumboni, sumu hiyo inapenya. Inapanda hadi kwenye ini, ambalo kwa kawaida lingeinasa, lakini ini lenyewe limelemewa na kuziba. Kwa hiyo sumu inapita, inaingia kwenye mzunguko mkubwa wa damu, na mishipa inayozilisha figo inajibana. Wakati huo huo mishipa mingine mwilini imelegea, moyo unapiga kwa unyonge, na mgonjwa ambaye hajala vizuri kwa wiki kadhaa ana maji machache mwilini kuliko anavyoonekana. Tena bila nyongo, vitamini K haifyonzwi, na bila vitamini K damu haigandi sawasawa. Ndiyo maana mgonjwa huchomwa sindano ya vitamini K siku chache kabla ya kupasuliwa, na jamaa wasiione kuwa ni dawa ya ziada tu.

Mtu wa namna hiyo anapofika kwenye meza ya upasuaji, figo zake zimeshasimama ukingoni. Dawa ya usingizi inashusha presha kidogo, damu inapotea kidogo, na hicho kidogo kinatosha.

Kinachoniudhi katika maradhi haya ni kwamba yanazizima zile taa tulizozoea kujionea. Sote tumefundishwa: mkojo ukikolea rangi, kunywa maji. Kwa mgonjwa huyu kanuni hiyo haifanyi kazi, maana mkojo wake ni mweusi kwa ajili ya nyongo, hata akiwa ameshiba maji. Rangi haikwambii kitu. Kinachobaki ni kiasi: mililita, na saa iliyopimwa.

Kipimo cha damu nacho kina hila zake. Kuna uchafu unaotoka kwenye misuli uitwao kreatinini, ambao figo huutoa. Ukipanda, figo zimechoka. Ni sehemu ya kile kipimo ambacho hospitali zetu hukiita UEC. Sasa maabara nyingi duniani bado hupima kreatinini kwa njia aliyoigundua Max Jaffe mwaka 1886, ya kuchanganya na asidi ya pikiriki na kusoma rangi inayotokea. Ni rahisi na haigharimu sana. Lakini damu ikijaa bilirubini, ile rangi ya manjano, usomaji huvutwa chini, na mashine inatoa nambari ndogo kuliko hali halisi. Njia mpya zaidi zinazotumia vimeng'enya husumbuliwa kwa kiasi kidogo, si kwamba zimeokoka kabisa. Ongeza na hili: mgonjwa wa saratani ya kongosho amekonda, misuli imekwisha, kwa hiyo hata kreatinini anayoitengeneza ni chache. Nambari yake itakuwa nzuri, na figo zake zitakuwa taabani.

Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Chukulia mzee wa kilo 60 kutoka Marafa. Kabla ya kupasuliwa kreatinini yake ni mikromoli 62 kwa lita. Siku ya pili baada ya upasuaji ni 95. Karatasi ya maabara haitaweka alama yoyote, maana 95 kwa mwanamume iko ndani ya kiwango cha kawaida. Jamaa wataambiwa vipimo viko sawa. Lakini miongozo ya KDIGO, jopo la kimataifa la maradhi ya figo, iliyotoka mwaka 2012, inasema kreatinini ikipanda kwa zaidi ya 26 ndani ya saa 48, au ikifika mara moja na nusu ya ile ya mwanzo ndani ya siku saba, figo zimeshaumia. Mzee wetu ametimiza yote mawili. Ila hilo litaonekana tu kama ile 62 iliandikwa mahali, na karatasi ile haikubaki Malindi mgonjwa alipopelekwa Kilifi, au Kilifi alipopelekwa Makadara, yaani Coast General ya Mombasa. Watu wetu husafirishwa kilomita mia na zaidi katika hali hii. Ambulensi ibebe karatasi pamoja na mgonjwa, na jamaa aipige picha kwa simu. Simu zetu zimejaa picha za harusi. Hii nayo ipewe nafasi.

Kreatinini tena huchelewa. Figo zikiumia asubuhi, damu inaweza isiseme kitu hadi kesho yake. Mkojo husema mapema zaidi. Kipimo ni nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa kila saa. Mzee wetu wa kilo 60 anatakiwa kutoa mililita 30 kwa saa, sawa na vijiko sita vya chai. Wala si mkojo mwingi! Akishuka chini ya hapo kwa saa sita mfululizo, yaani asifikishe mililita 180, miongozo ile ile inamhesabu kuwa figo zimeumia, hata kama damu bado inasifu. Ila daktari mzuri hangoji saa sita ziishe. Saa mbili tu zikipita na mkojo ni haba, anakuja kitandani.

Na akija, kitu cha kwanza anachokiangalia ni mpira. Msicheke, lakini ni kweli. Mara nyingi mpira wa mkojo umebanwa chini ya paja, au umejikunja, au mfuko umewekwa juu ya kitanda mahali ambapo mkojo hauwezi kupanda. Ukinyooshwa, mkojo unashuka na roho za watu zinatulia. Baada ya hapo ndipo presha, mapigo ya moyo, bandeji kama inavuja damu, dripu kama bado inatiririka au ilisimama tangu alfajiri.

Nina neno juu ya kufunga kula. Mgonjwa wa manjano ya kuziba huambiwa asile wala asinywe kwa ajili ya picha ya altrasaundi, maana kifuko cha nyongo huonekana vizuri akiwa na njaa. Kesho yake anaambiwa tena kwa ajili ya kipimo kingine. Siku ya upasuaji anaambiwa tangu saa sita usiku. Halafu inakuja ajali ya barabarani, au mama mjamzito wa dharura, na zamu yake inasukumwa hadi alasiri. Mwezi wa Februari, joto la Malindi mnalijua. Mtu huyo anaingia thieta amekauka, na zile figo nilizosema zimesimama ukingoni zinasukumwa kabla kisu hakijagusa ngozi. Miongozo ya leo ya dawa ya usingizi inawaruhusu wagonjwa wengi kunywa maji matupu hadi saa mbili kabla ya kulazwa usingizi, na kwa mgonjwa wa manjano dripu huanzishwa kabla, mara nyingi tangu usiku wa kuamkia upasuaji. Mwenye mgonjwa ana haki ya kuuliza: zamu yake ikisogezwa, je, atapewa dripu au maji? Uliza kwa upole, lakini uliza. Na mwezi wa Ramadhani, mwenye macho ya manjano asijibebeshe saumu. Ruhusa ya mgonjwa ipo na inajulikana.

Hapo msikilizaji atasema: basi dawa ni maji, wamwagieni maji. Ngoja kwanza. Somo kubwa kuhusu maji ya dripu lilitoka hapa hapa kwetu. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kipo Kilifi tangu 1989, na hospitali ya Kilifi ilikuwa moja ya hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland na kuchapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walihusika. Wengine walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama vitabu vya dunia nzima vilivyofundisha. Wengine walipewa taratibu. Waliopewa kwa haraka walikufa zaidi: karibu 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wale wengine. Dunia ilishtuka. Najua wale walikuwa watoto, wana homa, si wazee wenye mawe ya nyongo, na haifai kuyachukua majibu yao na kuyapachika kwenye wodi ya upasuaji. Lakini tangu hapo, mtu wa Kilifi ana sababu ya kusema maji ni dawa, na dawa hupimwa. Mzee mwenye moyo dhaifu akijazwa maji bila hesabu, yataishia mapafuni. Kinachomwambia nesi aongeze au apunguze dripu ni ule ule mfuko wa shangazi, pamoja na presha na pumzi ya mgonjwa.

Zimejaribiwa pia njia za mkato. Huko London, J. L. Dawson alichapisha mwaka 1965 matumizi ya manitoli, aina ya sukari inayovuta maji kuelekea kwenye mkojo, kwa wagonjwa wa manjano waliopasuliwa. Ikawa desturi katika thieta nyingi kwa miaka. Majaribio yaliyofuata hayakuiona ikiongeza faida juu ya maji yaliyotolewa vizuri, na kwa mtu aliyekauka inamkausha zaidi. Sindano ya Lasix, dawa ya kukojoza, nayo hivyo hivyo. Mkojo utaonekana, jamaa watashangilia, lakini mkojo uliosukumwa kwa sindano hauthibitishi kwamba figo zimepona. Mimi naiogopa Lasix inayotolewa ili karatasi ipendeze.

Dawa za maumivu sasa. Huku kwetu diklofenaki imekuwa kama peremende. Mtu akiumwa mgongo anachomwa, akiumwa jino anameza. Kwa mwenye manjano ya kuziba ni dawa mbaya, kwa sababu inazinyima figo damu wakati ambapo zinaihitaji. Ibuprofeni ni ndugu yake. Jentamisini, sindano ya bakteria iliyozoeleka kwa bei yake nafuu, nayo huumiza figo, na daktari akiitumia huwa na sababu na huwa anapima. Kwa hiyo mgonjwa akiulizwa amekuwa akitumia nini nyumbani, aseme yote: ya duka la dawa, ya mganga, ya jirani. Hakuna polisi wodini. Na yale madafu, ambayo mimi nayapenda kuliko soda yoyote, yana potasiamu nyingi. Figo zikishazimika, potasiamu haina pa kutokea, na ikipanda inaweza kuusimamisha moyo. Mgonjwa wa siku za mwanzo baada ya upasuaji asiletewe dafu kwa siri chini ya kanga.

Itokeapo figo zimekataa kabisa, kuna mashine ya kusafisha damu. Tangu serikali ya taifa ianzishe mwaka 2015 mpango wa kukodi vifaa vya hospitali za kaunti, mashine hizo zimesogea karibu na watu kuliko zamani, ambapo safari ilikuwa Mombasa au Nairobi. Tozo ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa kikao kimoja ni shilingi 10,650. Nazitaja fedha hizo ili tuziweke mezani kando ya jagi la plastiki lenye mistari, la kupimia mkojo.

Nani atapima? Sitawalaumu manesi. Usiku, nesi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima mikononi mwake, na kumwambia apime mkojo wa kitanda hiki kila saa ni rahisi kwa sisi tulioketi kwenye maikrofoni. Nionavyo mimi, hospitali zingemwingiza jamaa kwenye kazi hii waziwazi. Katika hospitali zetu jamaa yupo, anasaidia kugeuza, kuosha, kulisha. Tena mfuko ule anaumwaga tayari bila kuambiwa. Aonyeshwe jagi, aonyeshwe mstari, aambiwe: ukijaa, niite, au nisomee nambari niiandike. Karatasi ifungwe kitandani, na kalamu ifungwe kwa uzi, maana kalamu za wodini zina miguu. Jamaa anawe mikono kabla na baada, asiuinue mfuko juu ya kiuno cha mgonjwa, asiuchomoe kwenye mpira wake, kwa sababu mpira huo ni njia ya bakteria pia, na ndiyo maana madaktari huutoa mara hatari ikipita.

Wengine watatoka thieta na mpira wa pili, ule wa nyongo, unaotokea ubavuni na kuingia kwenye chupa au mfuko wake. Huo nao unapimwa. Nyongo inaweza kutoka nusu lita kwa siku, na ni maji na chumvi vinavyouacha mwili. Akitoa nyongo nyingi na mkojo kidogo, na mtu ameandika mkojo tu, hesabu ya dripu itakuwa pungufu na hakuna atakayeona kwa nini.

Siku ya kuruhusiwa, manjano hayaishi hapo hapo. Yanafifia kwa wiki kadhaa, na mkojo unarudi rangi yake kabla ya macho. Ombeni nambari mbili ziandikwe kwenye karatasi ya kutokea: kreatinini ya kabla ya upasuaji na ya mwisho. Kama figo ziliumia wodini, hata kwa siku mbili tu, miongozo inataka zipimwe tena baada ya miezi mitatu, na kipimo hicho si lazima mtu arudi Mombasa kwa ajili yake. Malindi wanapima, Kilifi wanapima. Aende na ile picha kwenye simu, amwonyeshe daktari au afisa wa kliniki atakayemkuta, na kabla hajaandikiwa diklofenaki ya mgongo, aseme alishapasuliwa nyongo na figo zilisumbua.